Pete Isiyoweza Kila Kitu: Namna ya Kuunda Pete ya Ajabu Kwenye Riwaya Yako

Mimi ni sonara hapa Moshi mjini, karakana yangu iko njia ya kwenda Soko la Mbuyuni. Mchana nayeyusha, nafua, nalehemu na kung'arisha pete za watu: za uchumba, za ndoa, za kumbukumbu ya mama. Usiku naandika fantasia, na vijana wanaorusha hadithi zao kwa sehemu Facebook na kwenye magrupu ya WhatsApp hunitumia kazi zao nizipitie kabla hazijatoka. Karibu kila kazi ina pete ndani yake. Pete inayomficha mtu, pete inayoita majini, pete inayofufua wafu. Na mara nyingi, ikifika sehemu ya nne au ya tano, hadithi inasimama, kwa sababu pete inaweza kila kitu na mhusika hana tena cha kuhangaikia. Hapo mwandishi anaanza kutangaza makatazo: pete haifanyi kazi usiku wa mbalamwezi, pete haimdhuru yatima, pete leo imechoka. Msomaji anajua palepale kwamba mwandishi amekwama.

Njia ninayowaelekeza nimeitoa kwenye meza yangu ya kazi. Mipaka ya pete usiitunge pembeni kama sheria ndogo za kijiji. Itoe kwenye mwili wa pete. Pete ni madini fulani, imetoka ardhi fulani, imefuliwa na mtu mwenye shida zake, na inakaa kwenye kidole kinachovimba na kunywea. Ukiyajua hayo vizuri, udhaifu wake utakuja wenyewe, na msomaji ataukubali kwa sababu aliuona tangu mwanzo.

Anza na madini, nguvu zitafuata

Chukua karatasi. Usiandike kwanza pete inafanya nini. Andika imetengenezwa kwa kitu gani. Wengi wanapita hapa mbio, wanaandika "pete ya dhahabu" kwa kuwa neno linapendeza, kisha wanakimbilia miujiza.

Dhahabu haishiki kutu. Ifukie leo, vitukuu wataikuta inang'aa. Kwa hiyo nguvu iliyotiwa kwenye dhahabu inadumu, na balaa lake ni hilohilo, kwamba haiishi hata aliyeitaka akishakufa. Lakini dhahabu tupu ni laini mno kwa pete ya kuvaa kila siku, ndiyo maana tunaichanganya na fedha au shaba. Pete ya karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu katika kila 1,000. Hizo 250 zilizobaki zichunguze sana. Mfalme wako amevaa pete ya dhahabu: robo yake ni nini, na nani aliileta? Kama fundi alitia humo shaba ya bangili aliyonyang'anywa mjane, basi pete ina sehemu isiyomtii mfalme, na hukuhitaji kutangaza katazo lolote.

Fedha inashika weusi ikikaa bila kusuguliwa, kwa ajili ya salfa iliyo hewani. Pete ya fedha inayomwonyesha mvaaji hatari inaweza kuwa kipofu kila inapoachwa ikasawijika, na safarini nani ana muda wa kusugua? Shaba nayo ikikutana na jasho huacha alama ya kijani kwenye ngozi. Mimi hiyo naipenda kuliko zote kwa hadithi za ikulu: pete ya shaba haiwezi kutumiwa kwa siri, maana asubuhi kidole kitasema.

Ukitaka kito, usiandike tu "jiwe la bluu". Tanzanaiti inachimbwa Mirerani, kusini mwa uwanja wa ndege wa KIA, na hakuna mgodi wake mwingine duniani. Ilianza kujulikana mwaka 1967. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, na ile bluu wanayoililia wateja hupatikana kwa kuyachoma polepole kwenye nyuzi 500 hivi. Ligeuze kwenye mwanga, upande huu bluu, upande ule zambarau. Ila kwa ugumu lina 6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs ambacho almasi ina 10, na likitolewa kwenye moto likakutana na maji baridi linaweza kupasuka. Mteja akitaka pete ya tanzanaiti ya kuvaa jikoni, namshauri aifanye kidani. Sasa mpe jiwe hilo mwonaji wa hadithi yako. Kila upande unamwonyesha ukweli wake, na hawezi kuziangalia pande mbili kwa pamoja. Hawezi pia kupigana ngumi, wala kuruka mwamba kwa mwamba, wala kutoka kwenye nyumba inayoungua na kujitosa mtoni. Mwonaji huyo amekuwa na maisha magumu kabla hujamletea adui hata mmoja.

Nani aliifua, na siku hiyo alikuwa na nini moyoni

Zamani chuma cha huku mlimani kilitoka Upare. Wahunzi wa ukoo wa Washana kule Ugweno waliyeyusha mchanga wenye chuma, Wachagga wakakipata kwa biashara, na wahunzi wa eneo la Mamba, huko Uchaggani, wakakifua kuwa mikuki na majembe. Mhunzi hakuwa fundi tu. Watu walimwogopa, maana laana aliyoitoa kwa nyundo yake ilihesabiwa kuwa nzito. Mwandishi wa fantasia anayeishi chini ya mlima huu ana urithi mkubwa hapo, na inaniuma nikiona pete zinaokotwa pangoni bila aliyezitengeneza.

Mtengeneze mtu huyo hata kama alikufa miaka elfu kabla ya sura ya kwanza. Aliombwa au alilazimishwa? Alilipwa? Alitaka pete ifanye nini, na alijua kazi yake kwa kiasi gani? Mwingereza J. R. R. Tolkien, ambaye pete yake ndiyo inayoigwa kuliko zote, alitoa karibu kila kitu kwenye jibu moja la swali hili. Sauron, mtawala mwovu wa hadithi yake, alipoifua ile pete kuu alitia humo sehemu kubwa ya nguvu zake mwenyewe. Kwa sababu hiyo pete haina bwana mwingine wa kweli, ikiwapo naye hawezi kuangamia kabisa, na ikiyeyuka naye anaanguka. Pete tatu za Waelvu, watu wasiozeeka wa hadithi hiyo, Sauron hakuzigusa kwa mkono wake, lakini zilifuliwa kwa ujuzi aliowafundisha mafundi wao, hivyo pete kuu ilipoangamia nazo zikaishiwa. Tena pete hazikufanya jambo lilelile kwa kila mvaaji: wanadamu tisa waligeuka vivuli, wakati wakuu saba wa mbilikimo waliwaka tamaa ya dhahabu lakini hawakugeuka. Yote hayo yanatokana na nani alifua nini, kwa ajili ya nani.

Kuna jambo jingine kwake ambalo kila anayerusha hadithi kwa sehemu alijue. Kitabu chake cha kwanza chenye pete hiyo, The Hobbit, kilitoka mwaka 1937, na humo ilikuwa pete ya kumficha mtu tu. Gollum, kiumbe wa pangoni aliyekuwa nayo, alikuwa tayari kuitoa kama zawadi ya kushindwa mafumbo. Tolkien alipokuja kuandika kitabu kikubwa, The Lord of the Rings, na kuijua pete kwa undani, sura ile haikukubalika tena, maana hakuna ambaye angeitoa pete kama hiyo kwa hiari. Ikabidi aiandike upya, na toleo lililorekebishwa likatoka mwaka 1951. Wewe sehemu ya pili ikishasambaa kwenye simu za watu huwezi kuirudisha. Ijue pete yako kabla ya sehemu ya kwanza.

Na moto. Dhahabu inayeyuka kwenye nyuzi 1,064, fedha karibu 962, chuma 1,538. Pete ya dhahabu chini ya moto wangu wa gesi inakuwa tone kwa muda mfupi sana. Ukisema pete yako haiyeyuki, ifanye isiyeyuke mbele ya macho ya msomaji. Tolkien alifanya hivyo mapema: pete inatupwa kwenye moto wa kawaida wa nyumbani, inatoka haina hata joto. Msomaji hakuhubiriwa, ameona, na tangu hapo anajua safari itakuwa ndefu.

Kidole

Vidole si chuma. Januari, joto la Moshi likipamba, wateja wanarudi kwangu wakisema pete inabana. Julai, ukungu ukishuka na baridi ikiingia, walewale wanaogopa itawadondoka wakinawa. Waongoza watalii wa Kilimanjaro wanajua kwamba mikono ya watu huweza kuvimba huko juu, na pete inayobana huvuliwa mapema kabla haijawa shida. Weka hilo kwenye hadithi. Shujaa wako anatoka bondeni kwenye joto anapanda kwenye barafu: pete inashika au inalegea? Kama nguvu zinafanya kazi ikiwa kidoleni tu, basi mabadiliko ya hewa ni adui mkubwa kuliko jeshi.

Wahenga waliijua kazi ya kidole. Katika kisa anachokisimulia mhusika Glaucon kwenye kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, mchungaji wa nchi ya Lidia anageuza kichwa cha pete kielekee kiganjani, anapotea machoni pa watu. Anakirudisha nje, anaonekana. Ni msogeo mdogo wa kidole gumba, na mtoto anaweza kuuelewa. Katika masimulizi ya mapokeo yanayojulikana sana pwani yetu, pete ya Nabii Suleiman inaibwa na jini wakati ameivua, ufalme unakwenda nayo, mpaka inapopatikana tumboni mwa samaki. Mpaka wa pete hiyo ni kuvuliwa, kwa hiyo kila anapoivua msomaji anashika roho.

Ipo pia pete isiyo ya madini kabisa. Wachagga na Wamaasai wote wana desturi ya kuvaa kidoleni ukanda wa ngozi ya mnyama aliyechinjwa kwenye shughuli ya kimila. Kwa Wachagga unaitwa kishong'u. Ngozi mbichi inakauka, inakakamaa, mwishowe inakatika. Sijaona bado riwaya ya fantasia ya Kiswahili iliyoitumia vizuri, na ningependa sana kuiona: pete ya agano ambayo nguvu yake ina umri wa ngozi, na waliokula kiapo wanahesabu siku kwa kuitazama inavyokauka.

Tuunde moja pamoja

Hii ni ya riwaya yangu mwenyewe. Naieleza yote ili uone njia inavyokwenda.

Madini ni chuma, kwa sababu nilitaka pete ya watu wa shamba na si ya wafalme. Ardhi ni mlima mkubwa wenye migomba na mifongo, ile mifereji ya kale inayotoa maji mtoni huko juu msituni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Aliyeifua ni mhunzi ambaye zamu yake ya maji ilikuwa ikiibwa kila mara, shamba likamkaukia. Kwa hiyo nguvu ya pete ilikuja bila kutafutwa: anayeivaa akitia mkono kwenye mfongo, maji yanamsikia. Anayaambia yaende wapi.

Mpaka wa kwanza ni mlima wenyewe. Maji hayapandi. Pete inaweza kuyaelekeza kushoto au kulia, kuyaharakisha, kuyasimamisha, lakini haiwezi kuyarudisha juu, kwa sababu mhunzi yule alikuwa mtu wa mfongo na hakuwahi hata kuwaza maji yanayopanda. Pete haijui zaidi ya aliyeifua.

Wa pili ni jirani. Maji yakija kwa Manka, msichana wa riwaya yangu anayeivaa pete, yametoka kwa mtu fulani wa chini. Hakuna maji mapya; pete inagawa, haiumbi. Sikuhitaji kuandika kwamba matumizi yana gharama. Nilimwandika mama wa bonde la chini anayeamka alfajiri na kukuta mfongo mkavu, halafu nikaandika mlango wa Manka ukigongwa.

Wa tatu ndio ulionifurahisha zaidi, maana ulikuwa ndani ya madini tangu mwanzo. Chuma kikiingia majini kinashika kutu. Kila Manka anapoitumia pete, pete inaliwa kidogo. Anaweza kuipaka samli ili kutu isiingie, lakini chuma kilichopakwa mafuta hakigusani na maji, na maji yasipoguswa hayasikii. Achague: aitunze au aitumie. Nimeipa matumizi saba, Manka hajui idadi, mimi najua, na nimeyagawa sura kwa sura kabla sijaandika neno. Kufikia la tano pete imekuwa nyembamba, kingo zake zinamkata kidole, na imelegea kiasi kwamba inataka kumtoka. Mnaona jinsi madini na kidole vilivyokutana hapo.

Kisha nikamfikiria adui, mtawala wa tambarare, na nikajiuliza: akiipata pete leo usiku, kesho asubuhi kunatokea nini? Jibu lilinishangaza. Hakitokei kitu kikubwa. Yeye yuko chini; maji yote yanayomfikia yameshashuka, hawezi kuyavuta kutoka mahali ambapo mkono wake haujagusa mfongo. Ili pete imfae ni lazima aipande, aishike milima, aweke askari kwenye kila chanzo. Vita ikapata sababu, na kila pigano likapata mahali pake kwenye ramani, kutokana na jambo moja tu kwamba maji hayapandi.

Swali hilo la adui jiulize kila mara. Lingine ni hili: kwa nini shujaa asiitumie pete sasa hivi na kumaliza hadithi? Jibu likiwa "kwa sababu mwandishi hataki", rudi kwenye madini.

Pete ikikutana na nguvu nyingine

Hapa sitakaa sana, kwa sababu ukishamaliza kazi ya juu sehemu kubwa imekwisha. Ila kama dunia yako ina vitu viwili vya ajabu, panga mkubwa na mdogo. Katika kisa cha Aladini, kasri lake linapohamishwa na nguvu ya taa, anamwomba jini wa pete alirudishe. Jini anakataa: hilo ni la mtumwa wa taa, yeye hana uwezo nalo. Anachoweza ni kumpeleka Aladini mahali kasri lilipo. Ni jibu zuri mno kwa mtunzi wa hadithi, kwa kuwa pete imesaidia na bado kijana analazimika kuingia mwenyewe na kutumia akili yake.

Na udhaifu ukiwa mmoja tu, uwe wa kitu kinachoshikika. Fumo Liyongo wa tendi zetu hakuuawa na jeshi; ilihitajika sindano ya shaba kitovuni, na ilihitajika mwanawe wa kuzaa kuijua siri hiyo. Kitu, mahali pa mwili, na mtu wa karibu. Mwandishi anayetafuta namna ya kuiangamiza pete atazame hapo kabla hajatazama ng'ambo.

Kuna pia mpaka wa mahali, na sisi wa Moshi tunao mmoja juu ya vichwa vyetu. Ipo simulizi kwamba Menelik, mwana wa Suleiman na Malkia wa Sheba, alipoona kifo kinakaribia alipanda Kilimanjaro na kufungiwa barafuni huko kileleni akiwa na hazina yake, na kwamba pete ya Suleiman ingali kidoleni mwake ikimsubiri mzao atakayeipata. Kufuli la pete hiyo ni barafu. Lakini barafu ya Kibo, kilele hicho, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Anayeweza kuiandika hiyo aiandike haraka: pete iliyolindwa kwa miaka elfu tatu, kufuli linayeyuka lenyewe, na asiye mzao naye anaweza kufika.

Kabla ya kurusha sehemu ya kwanza

Andika ukurasa mmoja ambao wasomaji hawatauona. Uwe na madini ya pete, ardhi yalikotoka, fundi na shida yake, kidole inachokaa, idadi ya matumizi kama ina kikomo, na jambo moja ambalo watu wa hadithi wanaliamini kuhusu pete lakini si kweli. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa kuwa watu hawavijui vitu vya ajabu sawasawa. Wanasimuliana, wanaongeza, na mhusika anayefuata uvumi atafanya makosa yenye maana.

Halafu, kabla ya tukio lolote ambalo pete inamwokoa mtu, andika tukio ambalo inashindwa. Liwe dogo. Manka wangu anaanza kwa kujaribu kuyapandisha maji kwenye bustani ya bibi yake iliyo hatua chache juu ya mfongo, na maji yanatetemeka tu ukingoni. Liweke sehemu ya kwanza au ya pili, ndipo uanze kurusha.